Wiki Tuliyoshona Gauni la Nuru

Wanangu mnaojifunza cherehani, niwaambie mapema jambo ambalo huko chuoni huenda hawawaambii: kazi hii hula mgongo kabla haijala kitu kingine. Mimi sikuacha kushona kwa sababu mikono imechoka. Mikono ingali inataka kazi mpaka leo. Ikikosa kitambaa inakunjakunja pindo la kanga niliyoivaa. Mgongo ndio ulioomba ruhusa, nami nikaupa.

Juzi mmoja wenu alipanda mpaka hapa nyumbani, akaniamkia vizuri, kisha akatoa simu. Ndani yake mlikuwa na picha ya gauni, mgongo wazi, mikono imevimba kama maboga. Alitaka kujua linakatwaje. Nikamwambia atafute gazeti la zamani, tukalikata gauni lile kwenye gazeti kwanza, tukalishikiza kwa pini, akalivaa hivyohivyo juu ya sweta na kujicheka mwenyewe. Akaniuliza mambo ya magazeti nimeyatoa wapi. Nikamjibu, kwa Fundi Kassimu. Akauliza, huyo ni nani?

 Kuna wakati hapa Lushoto usingeuliza swali hilo. Ungeliuliza pale sokoni, watu wangetaka kujua wewe umetoka wapi. Basi kaeni niwaeleze, na mkichoka mtaniambia.

Kibaraza chetu kilikuwa mbele ya duka la vitambaa, hatua chache kutoka sokoni. Kilikuwa na cherehani mbili tu. Ya Kassimu ilikaa karibu na ngazi, penye mwanga, na yangu ilikaa ndani kidogo, imeegemea ukuta. Chini ya ngazi alikaa Zaina na jiko lake, birika la chai ya tangawizi na beseni la maandazi lililofunikwa kitambaa. Zaina hakujua hata kushona kifungo, lakini habari za kila nguo iliyopita pale alikuwa nazo: nani kanenepa, nani anaolewa, nani ameleta suruali ya marehemu ipunguzwe ivaliwe na mwanawe.

Kassimu alikuwa Mwislamu wa Lukozi, mrefu, mtu wa maneno machache. Mimi ni Mlutheri wa Magamba. Baba yangu alikuwa mfanyakazi wa msituni, na ndiye aliyenipeleka kwake nikiwa bado msichana wa kusuka nywele za twende kilioni. Wanawake wakati huo walishonea nyumbani. Kukaa barazani na cherehani mbele ya watu ilikuwa kazi ya wanaume. Watu walicheka. Kassimu hakucheka wala hakunitetea. Alinipa wembe na suruali kuukuu, akaniambia niifumue yote bila kukata kitambaa. Nikaifumua. Akanipa nyingine. Nadhani nilifumua nguo za nusu ya wilaya kabla hajaniruhusu kukanyaga cherehani. Nilinung'unika sana moyoni, lakini mtu akishafumua nguo za mafundi wengi, anajua kila mmoja alidanganya wapi.

Mengine aliyonifundisha nawapa bure. Mwanaume mwenye kitambi usimpime akisimama wima mbele yako, maana atakivuta ndani. Mwulize habari za shamba lake, akianza kueleza ndipo umpime. Sare ya shule iachie pindo kubwa, watoto wa huku wanakua kama viazi wakati wa mvua. Kitambaa cha pamba kilowekwe na kukaushwa kabla ya kukatwa, ama sivyo kitarudi mteja akikifua, na mteja naye atarudi. Mkaa wa pasi uwe wa mti wa muwati, haurushi cheche. Na mteja anayeleta kitambaa wiki ya Krismasi akitaka nguo siku ya Krismasi, mpe chai ya Zaina, kisha mwambie hapana. Hilo la mwisho mimi sikuliweza kamwe. Nilisema "njoo kesho" mpaka watoto wa mjini wakanipa jina la Mama Kesho.

Wiki yetu ilikuwa na mwendo wake. Jumatatu ni viraka na zipu zilizokufa. Alhamisi ni gulio, mji unajaa mpaka huoni barabara, kabichi na karoti zimepangwa hadi mlangoni kwa duka, na kila mama aliyeuza vizuri anapita kibarazani kupimwa. Ijumaa adhuhuri Kassimu alikunja kazi akaenda msikitini, mimi nikamlindia cherehani na kuwapokea wateja wake. Jumapili, ambayo nayo ni gulio, mimi nilikuwa kanisani na yeye akawapokea wangu. Mwezi wa Ramadhani Zaina hakuuza chai mchana, basi nami nikafunga bila kupenda, maana sikuwa na uso wa kula ndizi peke yangu mbele yao. Hatukuwahi kukaa tukapanga mambo hayo. Yalikuwa hivyo tu.

Sasa nifike kwenye wiki yenyewe.

Ilikuwa Julai, na nyinyi mnaijua Julai ya kwetu. Ukungu unashuka kutoka Magamba asubuhi na kukaa mjini kama mgeni asiyejua kuaga, na vidole vinakuwa kama vya mtu mwingine. Tulikuwa tunaviota juu ya pasi kabla ya kushika sindano. Mimi na Zaina tulikuwa tumeanza kuona mambo kwa Kassimu. Zamani aliwataja watu kwa majina wakiwa bado ng'ambo ya barabara. Siku hizo alisubiri mtu aseme shikamoo kwanza, asikie sauti, ndipo aitikie marahaba na kutaja jina. Alinipa sindano nimtungie uzi akisema kidole kinamuuma. Kidole hicho kiliuma tangu masika.

Jumatatu ile alikuwa na kitambaa cha Nuru. Nuru alikuwa binti wa mama mmoja jirani wa sokoni, tuliyezoea kumwita Mama Nuru, muuza mbegu za mboga, mwanamke wa sauti kubwa na moyo mkubwa. Harusi ilikuwa Jumamosi, kanisani kwetu. Kaka yake Nuru alikuwa amemtumia satini nyeupe kutoka Dar es Salaam, satini nzito, ya kung'aa kama maziwa ndani ya kibuyu, na mjini kwetu haikuwapo ya kufanana nayo hata kipande. Mama Nuru hakutaka fundi mwingine. Kassimu ndiye aliyeshona gauni la harusi yake yeye mwenyewe.

Alikitandaza mezani, akapima, akachora, akakata. Mimi nilikuwa nahangaika na zipu ya mtu. Nilipoinua kichwa alikuwa amekishika kipande cha mbele kwa mikono miwili kukikung'uta. Upande mmoja wa kifua ulikuwa umepanda na mwingine umeshuka, kama paa la kibanda lililosukumwa na upepo. Nikatazama meza. Alikuwa amechora kwa chaki nyeupe kwenye kitambaa cheupe. Yeye, aliyenifokea mwaka mzima juu ya rangi ya chaki.

Nilisubiri mpaka kibaraza kikawa hakina mtu. Nikamsogelea, nikamwambia kwa sauti ya chini kwamba kipande cha mbele kimekwenda upande, tukitazame tena kabla hajaunga.

Akakishika, akakisogeza karibu na uso. "Ni ukungu tu," akasema. "Ukiondoka utakiona kiko sawa."

"Mwalimu," nikamwambia, "ukungu umeondoka tangu saa nne."

Na kweli jua lilikuwa limejaa barabara nzima. Lilikuwa linampiga mgongoni. Akasema neno ambalo sikulitegemea kutoka kwake.

"Unakitaka kiti changu. Sema tu. Miaka yote umekuwa ukikitazama hiki kiti cha mwangani."

Nilirudi kwenye cherehani yangu. Sikuona nilichokuwa nashona siku ile, na yangu hayakuwa macho mabovu, yalikuwa machozi.

Jumanne hatukusemeshana. Mkumbuke tulikuwa tumekaa karibu kiasi kwamba tungeweza kukanyagana. Kassimu akamwambia Zaina aniulize kama uzi mweupe uko kwangu. Nikamwambia Zaina amwambie uko kwenye kopo lake mwenyewe. Zaina akapanda na kushuka ngazi zile asubuhi nzima na ujumbe wa mkasi, wa bobini na wa pasi, hadi akasimama katikati yetu, mikono kiunoni. Alisema yeye anauza chai, hajaajiriwa posta. Wateja wakacheka. Sisi wawili hatukucheka.

Mchana ule Kassimu alianza kuunga mbele na nyuma. Nilikuwa namtazama kwa pembeni. Alifika begani, akasimamisha gurudumu. Akapitisha vidole upande wa kulia, kisha wa kushoto. Akarudia. Vidole vyake havikuwahi kudanganywa na mtu, na siku ile vilimwambia alichokataa kuambiwa na mimi. Alikikunja kitambaa taratibu, akakifunga kwenye karatasi yake, akaiweka juu ya meza yangu. Akaifunika cherehani. Akashuka ngazi huku akishika ukuta, akaenda zake, na jua bado liko juu.

Jumatano hakuja. Katika miaka yote niliyokaa naye, Kassimu alikosa kazi kwa misiba na kwa Idi tu. Cherehani iliyofunikwa ilinitia hofu kuliko mtu mgonjwa. Na siku hiyohiyo, kama mambo yalivyo, Mama Nuru na binti yake wakaja ili Nuru ajaribu gauni.

Nilifungua karatasi, nikawaonyesha. Sikuona njia nyingine. Mama Nuru aliinua kile kipande akakitazama kwa muda, na sauti aliyoitumia kuuzia mbegu ikajaa kibaraza chote. Alitaka kujua Kassimu yuko wapi. Alitaka kujua anawezaje kumharibia mwanawe kitambaa kisha akakimbia kama mwizi wa kuku. Watu wakaanza kusogea. Zaina akaacha jiko.

"Mama Nuru," nikasema, "hajakimbia. Haoni."

Sauti ikakatika. Alinitazama, akamtazama Zaina, Zaina akaitikia kwa kichwa. Mama Nuru akakaa kwenye kiti cha wateja, kitambaa kipo mapajani. Baada ya muda akaanza kutueleza, taratibu sasa, kwamba alipoolewa yeye alikuwa na mguu mmoja mfupi kidogo kutokana na ugonjwa wa utotoni, na kila mtu alikuwa anaogopa siku ya kutembea kanisani. Kassimu alilikata pindo la gauni lake mshazari, likauficha mguu, akatembea kama malkia. Hakumwambia mtu. Wala yeye hakumwomba.

Nuru mwenyewe alikuwa msichana mtulivu. Alichukua kipande kutoka mapajani mwa mama yake, akaniuliza kama kinaweza kuungwa. Nikamwambia ukweli: kinaweza, lakini kuunga satini ili kiungo kionekane ni urembo na si kiraka, mimi peke yangu siwezi. Anayeweza ni mmoja.

"Basi mfuate," akasema Mama Nuru. "Mwambie kitambaa nilimpa yeye, na atakayekimaliza ni yeye."

Nilipanda kwake alasiri. Mkewe, Mama Hadija, alinipokea kwa Kishambaa, tukaulizana habari za nyumba na watoto na mifugo kama desturi, na muda wote huo macho yake yalikuwa yananiomba kitu. Kassimu alikuwa amekaa nje kwenye jua, sinia la maharage mapajani, anapukuchua kwa kupapasa. Hakugeuka.

"Hizo ni hatua za Eliwaza," akasema. "Unaburuta kisigino cha kushoto."

Nikamwamkia, akaitikia. Nikakaa kwenye benchi, nikachukua maganda machache, tukapukuchua pamoja. Yeye ndiye aliyeanza. Alinieleza habari za baba yake, aliyepofuka uzeeni akakaa miaka mlangoni, akishikwa mkono hata kwenda chooni. Alisema Ijumaa iliyopita msikitini lilitolewa tangazo kwamba madaktari wa macho wangekuwa hospitali ya Bumbuli wiki hii mpaka Ijumaa. Nami nilikuwa nimelisikia hilohilo kanisani. Aliposikia alitoka, hakungoja dua.

Nikamwuliza kwa nini.

"Leo naweza kusema ni ukungu," alisema. "Wakishanitazama wakasema hapana, nitasema ni nini?"

 Mnajua, mtu aliyekufundisha kila kitu akikuuliza swali, unajihisi mtoto. Nikapukuchua maharage. Kisha nikamwambia tu kile nilichokuwa nacho: kwamba dawa ya macho sina, lakini nina macho, na yeye ana mikono, na Nuru anaolewa Jumamosi. Nikampa maneno ya Mama Nuru kama yalivyo. Aliposikia kwamba Mama Nuru bado anataka gauni litoke mkononi mwake, aliliweka sinia chini.

"Lile neno la kiti," akasema baadaye.

"Nimelisahau, mwalimu."

"Hujalisahau. Usilisahau upesi, nami nisije nikalirudia."

Tukapatana hivi: gauni kwanza, Bumbuli Ijumaa. Mama Hadija, aliyekuwa mlangoni akijifanya anapepeta mahindi, akaingia ndani haraka. Nilimsikia akipenga kamasi.

Alhamisi ilikuwa gulio, na mnajua gulio kwa fundi ni nini. Siku hiyo nilikataa kila mteja. Zaina alijiweka ngazini kama askari, akawaambia watu mafundi wana harusi, waje wiki nyingine, na aliyebisha aliuziwa andazi. Nyuma yetu malori yanapakia kabichi, wapagazi wanapiga miluzi, na sisi tuko juu ya satini nyeupe kama watu wanaomwosha mtoto mchanga.

"Niambie unachokiona," Kassimu akasema.

Hakuwahi kuniuliza hivyo. Siku zote yeye ndiye aliyeniambia ninachokiona. Nikamweleza kipande kilivyokwenda: kimeanzia juu kwenye bega la kulia, kinashuka kuelekea kiuno cha kushoto. Alifikiri. Mimi nilidhani tutakinyoosha, tutafute pa kuongeza. Akasema hapana, ukikinyoosha kila mtu ataona ulipokinyoosha. Kitambaa kimekwenda upande, basi tukifuate. Tukate mikunjo kutoka kwenye mabaki, tuikate mshazari ili ilale laini, tuipange moja juu ya nyingine kutoka bega lile mpaka kiuno kile, kana kwamba gauni lilitakiwa kuwa hivyo tangu mwanzo.

Nikachora kwa chaki ya bluu, nikakata. Zaina alitunga sindano nyingi mapema akazichomeka mstari mmoja kwenye ukosi wa koti la Kassimu, yeye anachomoa moja moja. Satini inateleza, wanangu, haishikiki. Basi tuliweka ukanda wa gazeti chini yake, tukashona kitambaa na gazeti pamoja, kisha gazeti tukalichana taratibu likabaki gauni. Pini usizichome mahali patakapoonekana, tundu la pini kwenye satini halizibiki. Mimi niliongoza kwa macho, nikisema kidogo kulia, simama, shuka. Yeye aliendesha gurudumu, vidole vyake vinatangulia mbele ya sindano. Mara mbili nilimwongoza vibaya na mara zote mbili vidole vyake vilikataa kunifuata.

Ilipokaribia alasiri Nuru alikuja, tukamfungia kanga pembeni akalivaa. Mikunjo ilitoka begani ikashuka kifuani kama maji yanavyoshuka mwambani. Mama Nuru alimzunguka mwanawe mara kadhaa. Akagusa mikunjo begani, akagusa kiunoni. Kisha akashuka ngazi, akakaa kwenye benchi la Zaina akaomba chai, akalipia na ya kwetu mafundi wawili. Ndipo nilipojua gauni limekubaliwa.

Ijumaa alfajiri Kassimu na mkewe walipanda gari la kwenda Bumbuli kupitia Soni. Zaina aliwafungia maandazi kana kwamba wanakwenda Hija. Mimi nilibaki na pindo la gauni, pindo refu, la mkono, na nilikaa siku nzima nikililaza huku nikisikiliza kila gari linaloshuka stendi. Simu za mkononi zilikuwa bado za wenye nazo. Adhuhuri wanaume walipita kwenda msikitini, kila mmoja anatazama kile kiti na kuniuliza. Nilisema kasafiri. Zaina alisema aliomba dua kwenye jiko lake. Mimi niliomba kwenye pindo. Mungu ni mmoja, nadhani alitusikia akashangaa maombi ya macho yanayonukia tangawizi. Jioni ikafika, hawakurudi, tukajua amelazwa.

Nisiwafiche mwisho wake. Kassimu aliishi miaka mingine mizuri baada ya hapo, alishona, na alizeeka kabisa. Amezikwa kwao Lukozi, na siku hiyo waliobeba jeneza walipokezana kutoka barabarani mpaka kaburini, hakuna aliyetaka kuachia. Jicho moja ndilo lililofanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho. La pili madaktari walisema lilikuwa na ugonjwa mwingine, halingerudi. Zaina anauza chai mpaka leo, ingawa sasa mjukuu ndiye anayekanda. Cherehani zile za miguu zimekwenda, mmekuja nyinyi na za umeme, na overloki za kufunga kingo, zinazomaliza kwa pumzi moja kilichotuchukua asubuhi nzima. Nafurahi. Sina ugomvi na mashine wala na mitumba. Lakini bado nataka niwapeleke Jumamosi ile, kwa sababu Jumamosi ndiyo ninayoikumbuka ninapokaa hapa peke yangu.

Harusi ilikuwa nzuri. Nilimvalisha Nuru mwenyewe, nikamfuata nyuma mpaka mlangoni kwa kanisa nikishikilia pindo lisiguse tope. Watu walilitazama gauni. Wanawake wawili waliniuliza mshono ule unaitwaje, nikawaambia ni mshono wa Lukozi.

Bwana harusi alikuwa mtu wa upande wa Bumbuli, kwa hiyo baada ya ibada msafara ulikwenda kwao, matarumbeta yametangulia kwenye gari la wazi, yanalia kila kona mpaka wanaochuma chai mashambani wanasimama kupunga mikono. Tulipokaribia hospitali, Nuru aliomba gari lisimame. Mama yake akauliza kuna nini. Alisema anataka kumwamkia babu aliyemshonea gauni.

Mlinzi wa getini alitutazama, bibi harusi, wapambe na wapiga tarumbeta, akasema ndani kuna wagonjwa. Wapiga tarumbeta wakashusha matarumbeta yao bila kubishana, wakavua na kofia. Tukaingia wachache, kimya, gauni linasikika likikwaruza changarawe.

Kassimu alikuwa amekaa kwenye benchi nje ya wodi, Mama Hadija pembeni yake. Bandeji ilikuwa imeondolewa asubuhi ile. Jicho lilikuwa jekundu, linatoa machozi kwa mwanga, naye amelifumbafumba kama mtu aliyetoka chini ya maji. Nuru alipiga goti, gauni na yote, akasema shikamoo babu. Kassimu akaitikia marahaba, lakini hakumtazama usoni. Alikuwa anatazama mikunjo. Aliiweka mikono yake nyuma, kwa makusudi kabisa, akaifuata kwa jicho tu, kutoka begani, kifuani, kiunoni. Akaomba Nuru asimame ageuke. Jicho likashuka mpaka chini.

"Pindo amelaza nani?"

"Mimi, mwalimu."

"Hapa umevuta uzi sana. Panajikunja."

Mama Nuru alicheka kwanza, kisha sote tukacheka, hata mlinzi aliyetufuata. Palikuwa pamejikunja kweli. Nilikuwa nimepaona tangu asubuhi na kuomba kusiwe na mtu atakayepaona.

Kisha Kassimu aliinua kichwa akanitazama mimi. Nilikuwa nimesimama karibu, kwenye mwanga wote. Nilijishika kilemba, nikaona aibu bila sababu, kama mtu aliyekutwa hajajiandaa. Alinitazama kwa muda mrefu, na kicheko cha wengine kikaisha chenyewe.

"Eliwaza," akasema polepole. "Kumbe umezeeka."

Mama Hadija aliinamisha uso.  Kassimu alikuwa hajauona uso wangu vizuri kwa muda ambao hata yeye hakuujua, maana ugonjwa ule huingia polepole kwa miaka kabla watu hawajauona, na katika muda huo nilikuwa nimezaa, nimezika, na nimeota mvi. Alianza kwenye paji la uso, akaja machoni, akashuka mdomoni, bila haraka.

Nikasogea hatua moja asipate shida ya kulikaza jicho, nikasimama hapo aniangalie mpaka aridhike.